Kamera ya Sebuleni kwa Mama Mkubwa

Nilikuwa nimekaa kwa mama mkubwa Kibosho, bakuli la mtori liko mbele yangu bado linafuka, tunaongelea mgomba ulioangushwa na upepo usiku, mara sauti ya mwanaume ikatoka juu ukutani.

"Mama shikamoo. Huyo mgeni ni nani?"

Mama mkubwa akanyanyuka. Alinyanyuka kama mwanafunzi aliyeitwa jina na mwalimu, akaweka kanga vizuri begani, akaangalia juu kwenye kona ya dari na kusema, "Marahaba baba. Ni mdogo wako wa Moshi mjini."

Na mimi nikageuka nikamsalimia kaka yangu nikiwa naangalia dari. Akafurahi kuniona, akaniuliza za mjini, halafu akarudi kwa mama yake. "Dawa ya presha nimeona umekunywa, safi. Ila jana chakula cha usiku hujamaliza." Mama mkubwa akasema ni kweli baba. Haya mama, siku njema. Sauti ikakata.

Dakika moja haikufika. Hakukuwa na ugomvi, kila mtu aliongea kwa heshima na upendo, na kaka yangu yule ni kati ya watoto wa kiume wanaojali mama zao kuliko wengi ninaowajua. Lakini mama mkubwa alivyokaa tena hatukuweza kurudi kwenye habari za ule mgomba, mtori ukapoa, na mimi nikashuka na daladala mpaka mjini nikiwa na kitu kimenikaa kifuani nisichokijua jina.

Kimenikaa wiki kadhaa sasa. Ndo maana naandika.

Hasira zilikuja kwanza

Nisiwafiche, siku za mwanzo nilikuwa na hasira tu. Nikawa nawaza, hivi huyu ndiye mama aliyesomesha watoto wake kwa kahawa, anachuma mwenyewe, anamenya mwenyewe, anapeleka chama cha msingi cha ushirika anasubiri malipo, halafu ule mkataba wa kimataifa wa kugawana soko la kahawa ulivyovunjika mwaka 1989 na bei ikaanguka, akahamia kwenye maziwa na ndizi, anashuka sokoni Mbuyuni alfajiri na mkungu kichwani ili ada ya sekondari ipatikane. Mama wa namna hiyo leo anaambiwa na ukuta kwamba hajamaliza chakula.

Halafu kuna suala la hodi. Kwetu kihamba, yaani shamba la migomba na kahawa linalozunguka nyumba, kina mpaka wake, masale yamepandwa pembeni, na mtu mwenye adabu anaanza kuita akiwa bado hajafika uani, "hodi wenyewe!", anasimama, anasubiri aambiwe karibu. Hata mtoto wa kuzaa akirudi kwao anapiga hodi. Yule mwenye nyumba anapata muda wa kuvaa vizuri, kufuta machozi kama alikuwa analia, kusogeza kiti. Kamera haimpi huo muda. Imeshaingia, imekaa, na hujui saa hizi kuna mtu anaangalia au hakuna.

Nikamuuliza mama mkubwa kwa simu, aliyeweka alikuja lini? Akasema fundi alikuja tu siku moja akatoboa ukuta, yeye akampikia chai. Mwanae alikuwa ameshampigia kumwambia ni kwa ajili ya usalama wako mama. Akajibu asante.

Hiyo asante ndo ilinisumbua. Angejibu nini kingine? Nchi hii tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na mimi sitaki kabisa kuingiza mambo ya sheria kwenye sebule ya mama mkubwa, ila lile wazo lililo ndani yake ni zuri, kwamba kabla hujaanza kukusanya habari za mtu mwambie unataka nini na yeye akubali. Tunadai hivyo kwa makampuni na mitandao ya simu. Kwa mama zetu tunatuma fundi.

Lakini kaka ana hoja, na hoja yake ni nzito

Nilimpigia. Nilikuwa nimejiandaa kabisa na maneno yangu, na yeye akanisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, halafu akaniambia habari ambayo sikuwahi kuisikia.

Kuna asubuhi, kabla hakujapambazuka vizuri, mama mkubwa alienda kumtupia ng'ombe majani na akateleza pale bandani kwenye simenti iliyolowa. Dada wa kazi alikuwa ameenda kwao kwenye msiba. Kamera ya sola iliyoko bandani ikatuma taarifa kwenye simu ya kaka huko Dar, akafungua akijua ni paka, akaona mama yake yuko chini na haamki. Akampigia kijana wa jirani, kijana akaruka masale, wakampata, wakatafuta gari, wakashuka naye hospitali ya KCMC. Hakuvunjika, ila mguu ulivimba na presha ilikuwa juu sana.

"Bila ile kamera," akaniambia, "angelala pale mpaka saa ngapi?"

Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina.

Akaendelea, na hapa sauti yake ilibadilika. Akasema wewe upo hapo mjini, ukitaka kumwona mama ni daladala na nusu saa. Mimi kutoka hapa ni zaidi ya kilometa mia tano. Nikiomba ruhusa kazini kila akikohoa watanifukuza, na nikifukuzwa dawa atanunua nani, ada ya watoto atalipa nani. Unafikiri napenda kumwona mama yangu kwenye kioo?

Hilo swali liliniumiza kwa sababu ni la wengi wetu, siyo lake peke yake. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 1,640,087 mkoa wa Kilimanjaro, ya 2022 ikahesabu 1,861,934. Ni ongezeko la kama asilimia 1.3 kwa mwaka wakati nchi nzima ilikuwa inakwenda asilimia 3.2. Huhitaji mtaalamu akufafanulie, panda tu Kibosho au Machame au Marangu siku ya Jumanne ya kawaida, siyo Desemba, Jumanne ya mwezi wa tano. Geti zuri la chuma, nyumba ya vigae, na ndani yake mama mmoja na binti wa kazi. Vihamba vimegawanywa mpaka vimeisha, kahawa hailipi ada, watoto wamekwenda. Hakuna aliyeondoka kwa kuchukia kwao.

Kwa hiyo hasira yangu ikaisha. Ikabaki ile kitu kifuani.

Nilipopanda tena

Nikapanda Kibosho bila kusema nakuja. Safari hii nikakuta kamera imefunikwa kanga.

Sikuuliza, alinieleza mwenyewe. Akina mama wa jumuiya walikuwa wametoka muda siyo mrefu, zamu ya kusali ilikuwa kwake, na amegundua kwamba ile kitu ikiwa wazi wanasali rozari vizuri tu lakini wakimaliza hawakai. Wanaaga. Na kwa akina mama wale yale mazungumzo ya baada ya sala ndiyo yenyewe, pale ndipo mmoja anasema mkwe wangu ameondoka na watoto, mwingine anasema nina uvimbe hapa na ninaogopa kwenda kupimwa. Huwezi kusema hivyo mbele ya kijana wa mtu aliyeko Dar, hata kama hasikilizi. Basi anafunika. Mwanae akiona giza anapiga simu kuuliza kuna nini.

"Na hapo ndo tunaongea," akasema.

Nikamwambia mama, si mnaongea kila siku kwenye ile kamera?

Akanyamaza kidogo akiwa anachambua mchicha. Halafu akaniambia kwamba zamani mwanae alikuwa anapiga kila Jumapili jioni, na yeye anajua ni saa ngapi, anakaa na simu mapajani. Wanaongea mpaka salio linaisha. Ng'ombe amezaa? Mvua imefika? Yule mzee wa kule juu amepona? Mama umelalaje wiki hii? Anasimulia, mwanae anacheka, anauliza tena. Sasa hivi, akasema, haulizi. Ng'ombe anamwona. Mvua anaiona. Mimi ananiona nimeamka. Atauliza nini?

Nikakumbuka ile siku ya mtori. Maneno yote ambayo kaka alimwambia mama yake yalikuwa ni taarifa: nimeona umekunywa dawa, hujamaliza chakula. Swali alilouliza lilikuwa moja tu, huyo mgeni ni nani, na aliliuliza kwa sababu nilikuwa nimeipa kamera mgongo.

Nikamuuliza, mama, ile siku kwa nini hukumaliza chakula?

Akaniambia jioni ile aliletewa habari kwamba rafiki yake waliyepata kipaimara pamoja, aliyeolewa Rombo, amefariki. Walikuwa wamebaki wawili tu katika kundi lao la wasichana. Alipoletewa ugali mkono haukwenda.

Sahani ilionekana mpaka Dar. Sababu ilikaa hapo hapo mezani, na hakuna mtu aliyeijua mpaka nilipouliza, tena nikiwa nimechelewa wiki kadhaa.

Kwa nini tunauliza tunachokijua

Hapo ndo nikaanza kuelewa kinachonisumbua, na kilikuwa kipana kuliko kamera.

Angalia tunavyosalimiana. Mtu yupo mbele yako, amesimama kwa miguu yake, unamwona mzima, na bado unamuuliza habari za asubuhi, za nyumbani, watoto hawajambo, mzee anaendeleaje, kazi je. Unajua majibu. Yeye anasema nzuri, salama, hawajambo, tunamshukuru Mungu. Mgeni asiyetujua anaweza kuona tunapoteza muda. Lakini mimi nimekua nikimsikiliza mama yangu akisalimiana na wenzake njiani kwenda kanisani, na ninajua jambo lenyewe huwa haliji kwenye nzuri ya kwanza. Wala ya pili. Linakuja pale mwishoni watu wameshapeana migongo nusu, "ila yule mdogo usiku huu hakulala, anakohoa," na hapo wanasimama upya.

Zile nzuri zote za mwanzo zilikuwa zinampa mtu nafasi ya kuamua kama anataka kusema.

Ukishamwona mtu kila kitu, unamnyang'anya hiyo nafasi. Unakuwa na habari zake bila yeye kukupa. Na mtu ambaye habari zake zimeshachukuliwa hana cha kusimulia, na kwa mzee kusimulia siyo kitu kidogo. Mama mkubwa ana zaidi ya miaka themanini, hachumi tena kahawa, habebi tena mkungu, mikono inatetemeka. Alichobaki nacho cha kuwapa watoto wake ni habari za kwao, nani amezaa, nani ameuza shamba, maji ya mfongo, ule mfereji wetu, yamefika au yamekatwa huko juu. Alikuwa anawatunzia wiki nzima mpaka Jumapili jioni. Hakuna anayezihitaji tena.

Na sisi wenyewe je

Tangu siku hiyo naona hiki kitu kila mahali mpaka nachoka.

Rafiki yangu mmoja alipitia kipindi kibaya sana, sitaeleza ni nini kwa sababu ni cha kwake. Alikuwa anaendelea kuweka status kila siku, picha za maua, mistari ya Biblia, picha ya mtoto. Akaniambia alikuwa anafungua ile orodha ya waliotazama, anasoma majina, mia na kitu, ndugu wapo, wa kwaya wapo, tuliosoma nao wapo. "Wote wameniona," akasema, "na hakuna aliyeniuliza." Siamini kama wale watu ni wabaya. Ukishatazama status ya mtu asubuhi na jioni, moyoni unahisi mmeonana. Unajua amesafiri, unajua amesuka, unajua yuko Arusha kwenye harusi. Unampigia umwambie nini?

Kuna wanandoa ninaowafahamu wamewasha location, kila mmoja anamwona mwenzake alipo, na wanasema imeondoa ugomvi. Sibishi, inawezekana. Ila mke aliwahi kuniambia siku hizi mume akiingia nyumbani hamwulizi siku yako ilikuwaje, maana ameshamfuatilia kutoka stendi mpaka sokoni mpaka nyumbani.

Hata hela. Kabla ya M-Pesa kuanza nchini mwaka 2008, hela ya mama ilikuwa inapanda na mtu. Bahasha anapewa konda au ndugu anayesafiri, na huyo akifika kihambani haondoki hivi hivi, anakalishwa, anapewa chai, anaulizwa huko mwenzangu yukoje, amenenepa, anakula, anakwenda kanisani? Anarudi na ndizi kwenye buti la basi na salamu za kupeleka. Sisemi turudi huko, bahasha zilipotea nyingi na mama wengi walilala na njaa wakimsubiri mtu ambaye hakufika, na leo hela inaingia saa ile ile mtu anapoumwa. Nasema tu kwamba pamoja na ile bahasha kulikuwa na maswali, na hela ilivyoanza kwenda haraka maswali hayakutafutiwa usafiri mwingine.

Nafikiri tulidhani yatakwenda yenyewe.

Na Desemba mnaijua. Mji unajaa, magari yaliyotoka Dar kila kona, mbege, kisusio, nyumba zote zina taa. Tunakaa tumezunguka jiko na kuna ule ukimya wa ajabu dakika kumi baada ya kukumbatiana, kwa sababu mtoto wako kufaulu nimeona kwenye grupu, nyumba kuezeka nimeona, safari ya Zanzibar nimeona picha zote. Kila mtu anatoa simu. Zamani tulikuwa tunalala saa tisa usiku kwa kuulizana tu.

Tulipofikia

Nilimpigia kaka tena. Sikwenda na maneno ya kumlaumu, sina haki hiyo na sidhani kama anastahili. Nilimwambia tu habari ya yule rafiki wa kipaimara na ule ugali.

Akakaa kimya muda mrefu. "Sikujua," akasema. Halafu, "Nilidhani ni dawa zinamkatisha hamu. Nilishamuuliza mpaka daktari."

Alikuwa amemuuliza daktari. Mtu anayemuuliza daktari kuhusu sahani ya ugali ya mama yake siyo mtu asiyejali, na ndo maana jambo hili siwezi kulimaliza kwa kumnyooshea mtu kidole. Alihangaika kwelikweli. Kilichokosekana kilikuwa swali moja kwa mwenye sahani.

Jioni ile ile alimpigia mama yake kwa simu, siyo kwenye kamera. Mama mkubwa aliniambia waliongea habari za yule marehemu, walivyokuwa wanaiba mapera misheni, walivyochapwa, na mwanae hakuwahi kuzisikia hadithi hizo. Ana umri wa miaka hamsini na kitu na hakuwahi kuzisikia. Sasa hivi simu ya Jumapili imerudi.

Kuhusu kamera zenyewe bado tunavutana. Ya bandani na ya getini hakuna anayebisha, hata mama mkubwa anaitaka ya bandani, yeye ndiye aliyelala chini ile asubuhi. Tatizo ni ya sebuleni. Kaka amesema yuko tayari kuzima sauti, ibaki picha tu, ili asiwe anamshtua akiwa na wageni. Mama mkubwa anataka kinyume chake kabisa. Anasema sauti ya mwanae anaipenda, ibaki hata usiku kucha, picha ndiyo iondoke.

Fundi nimemuuliza, anasema inawezekana, ila kaka hajakubali. Anaogopa usiku, anaogopa majambazi, anaogopa dada wa kazi mpya ambaye hatumjui vizuri, na zote ni hofu za kweli. Ya sebuleni mimi nipo upande wa mama na nimeshamwambia. Krismasi anapanda na watoto wote, tumekubaliana tutakaa tuongee, na mama mkubwa amesema safari hii yeye ndiye atakayeanza kuongea.